Isale kwenye Dirisha la Forodha

Mektrida wa Mkuu, kule Rombo, hana haja ya kuuliza mtoto anasoma shule gani. Anaangalia sweta. Kama mshono wa begani umelala vizuri na pindo la kiunoni halijalegea, basi ni kazi ya mikono yake, na kama ni kazi yake, mtoto huyo anasoma kwa masista. Kwa miaka mingi watoto wa shule ile wamepita barabarani wakiwa na masweta ya rangi ya damu ya mzee, yote yakitoka kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mumewe, Filemon, katikati ya migomba. Wanawake wa sokoni walizoea kumtania kwamba yeye peke yake ndiye mwanamke wa Rombo aliyezaa shule nzima. Naye alizoea kuwajibu kwamba wote walitoka salama, ila wanachakaa viwiko.

Mashine aliachiwa na sista mmoja wa Kijerumani aliyerudi kwao uzeeni. Ilikuwa mashine ya Kijapani ya zamani: sindano zimejipanga safu ndefu, na juu yake kuna chuma kinachosukumwa kushoto na kulia, ambacho Mektrida alikiita kichwa. Kila kichwa kinapopita, mstari mmoja wa sweta unazaliwa. Kichwa kikifa, hakuna mashine tena. Kunabaki meza yenye meno.

Kichwa kilikufa mwezi wa kumi, katikati ya mkono wa sweta. Kilitoa mlio mmoja mkavu kikagoma. Mektrida alikifungua, akakuta gurudumu la ndani limepasuka vipande. Akakaa pale akiwa ameshika vipande mkononi, na hofu ikamwingia moja kwa moja, kwa sababu alijua alichokuwa amemwahidi Sista Theodora.

Sista Theodora ndiye mkuu wa shule. Kila mwaka shule ikikaribia kufungwa kwa likizo ndefu, alimwagizia Mektrida masweta ya watoto wanaoanza Januari. Kazi hiyo ndiyo iliyoisomesha nyumba ile, ndiyo iliyoezeka bati, ndiyo iliyomlipia Filemon dawa za presha mwaka ambao kahawa ilizaa majani matupu. Safari hii Sista alikuwa amesema wazi, kwa upole wake, kwamba kuna karakana mjini Moshi inamsumbua, ina mashine za umeme na bei yake ni nzuri, lakini yeye bado anamtaka Mektrida wake. Ila masweta yawepo. Yasipokuwepo, hatakuwa na la kuwaambia wazazi.

Walitafuta kichwa kingine kila mahali. Fundi wa Mkuu alitikisa kichwa. Mafundi wa Moshi walisema mashine hiyo waliiona mara ya mwisho wakiwa wadogo. Arusha hakuna, Kariakoo hakuna. Ndipo Kindness alipoingia kwenye habari hii, na laiti angebaki nje.

Kindness ni binti wa mdogo wake Mektrida. Anaishi Rau, pale Moshi, anauza vipodozi anavyoagiza China kwa simu, na ana kucha ndefu kiasi kwamba huwezi kuelewa anaandikaje ujumbe. Lakini anaandika, na kwa kasi. Mama yake mkubwa alipomtumia picha ya kichwa kilichokufa, hata ugali haukuwa umeiva, Kindness alikuwa ameshapata kingine kama hicho kwa muuzaji wa mbali huko, kizima, na sindano za akiba juu yake. Mektrida aliitazama picha ile mpaka macho yakamlenga machozi. Pesa aliyokuwa ameiweka ya kununulia nyuzi ikaenda yote.

Kulikuwa na jambo moja dogo, Kindness akaeleza. Mzigo ukifika nchini kuna ushuru wa forodha na kodi, na vyote viwili hupigwa hesabu kwa kufuata bei ya kitu.

"Usiwe na presha, mama mkubwa. Namwambia muuzaji aandike ni zawadi, na bei aweke ya kitoto. Mimi vyangu vyote ndivyo vinavyopita."

Mektrida ni mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya Kikristo. Ndiye anayeongoza rozari mwezi wa kumi, na huo ulikuwa mwezi wa kumi. Lakini aliwafikiria wale watoto wa Januari, akasema haya, fanya. Hilo neno moja ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

Ujumbe ulipokuja kwamba mzigo umeshafika Moshi, alipika mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, mwingi kama wa mzazi, akawapelekea na majirani. Asubuhi akavaa kitenge chake cha sherehe akashuka mjini.

Ofisi ya vifurushi ilikuwa na madirisha mawili. La forodha lilikuwa na mtu mzima wa makamo, mpole, miwani shingoni, aliyemwamkia shikamoo kabla hata hajakaa vizuri. Jina lake lilikuwa kifuani: Aminieli. Mektrida akafarijika, maana kwa jina lile huyu alikuwa mtu wa mlimani, na kweli alipoongea lafudhi yake ilikuwa ya Machame. Akamuuliza mama huu mzigo ni nini, akajibiwa kipuri cha mashine ya kufuma. Umenunua au umetumiwa? Mektrida akasema ametumiwa na rafiki, zawadi. Thamani yake? Akataja ile bei ya kitoto, kama alivyofundishwa, huku akiangalia vidole vyake mwenyewe.

Aminieli hakubisha. Aliangalia kompyuta, akaangalia tena, kisha akamwomba amwonyeshe malipo kwenye simu, kwa sababu utaratibu ulidai hivyo. Mektrida, ambaye simu anaijua kwa kupiga na kupokea, akampa ile simu aifungue mwenyewe. Na Kindness, mtoto wa watu, alikuwa amemtumia mama yake mkubwa risiti halisi ya muuzaji, yenye bei yote, ili ajue pesa yake ilikwenda wapi.

Yule bwana aliisoma. Hakupaza sauti, hakumtukana, na ingekuwa afadhali angefanya hivyo. Alimrudishia simu kwa mikono miwili, akaandika kwenye kompyuta, akamweleza taratibu kwamba bei imeandikwa pungufu, kwa hiyo juu ya ushuru na kodi kuna faini, na kwamba kwa vile mzigo ulikuwa umekaa siku kadhaa kabla ujumbe haujatumwa, kuna pia tozo ya kuhifadhi, ambayo itakuwa inaongezeka. Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walisikia kila kitu. Mektrida alitoka pale akiwa amejifunika uso kwa kitenge.

Tangu hapo ikawa nenda rudi. Filemon hakumgombeza, alisema tu kwamba sasa wameshaingia, watoke vipi. Waliuza beberu. Mektrida akashuka, akaambiwa pesa hiyo ingetosha wiki iliyopita. Akapanda, akakopa kwenye kikundi, akashuka, akaambiwa sasa anahitaji wakala wa forodha wa kujaza taarifa upya, na wakala naye anataka chake. Sijui ni nani aliyebuni kitu kinachoongezeka kwa sababu mtu hana pesa, lakini huyo hajawahi kusubiri kahawa ikauke. Kila aliposhuka Mektrida aliona boksi lake kwenye rafu nyuma ya Aminieli, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi, na kila alipopanda aliliacha pale pale. Siku moja akakuta tangazo mlangoni: mizigo isiyolipiwa ingepigwa mnada mwishoni mwa mwezi.

Kilichomuuma kuliko pesa ni ule uongo. Alikuwa haungami vizuri tena. Alimwambia padri, akapewa kitubio, akakifanya, na bado alipofumba macho alimwona yule mtu wa Machame akimrudishia simu kwa mikono miwili. Akaanza kuamini kwamba mzigo haukutoka kwa sababu kosa halijatoka. Na kosa kwao lina njia yake ya kutoka, ya tangu mababu, inayojulikana Rombo na Machame na Kibosho vilevile.

Kwenye mpaka wa shamba la Filemon kuna masale, ile mimea mirefu yenye majani kama panga, ambayo kila boma la Mchagga linayo. Mtu aliyekosa hukata isale, akalifunga fundo katikati, akampelekea aliyemkosea. Hata liwe kosa la damu, anayeletewa isale hawezi kulikataa. Akilipokea, amesamehe. Na akishasamehe, jambo lile limezikwa: aliyekosewa halitaji tena, na aliyekosa halitaji tena, hadi kufa. Kulitaja ni kulitupa lile isale usoni mwa mwenzako, na hakuna mtu mwenye akili zake anayethubutu kufanya hivyo.

Mektrida alilikata asubuhi na mapema bila kumwambia Filemon. Alijua mumewe angesema kwamba isale hupelekwa kwa mtu, halipelekwi ofisini. Yeye alijijibu mapema njiani, kwamba hakuidanganya ofisi, alimdanganya mtu, na mtu huyo ana jina na ana kwao.

Alisubiri foleni iishe. Kisha akalitoa isale kwenye kitenge, akaliweka kwenye kaunta, fundo limeelekea upande wa Aminieli.

"Mwanangu," alisema, "nilikudanganya mbele ya watu. Ile haikuwa zawadi, na bei niliijua. Nimekuja kuomba msamaha."

Kijana wa dirisha la pili, mtu wa Tabora, aliuliza kama hiyo ni dawa ya tumbo. Aminieli alikuwa amesimama. Miwani aliivua, akaiweka pembeni, akaliangalia lile jani kwa muda mrefu, na Mektrida akaona kwamba anaelewa kila kitu, kwamba pengine kwao aliwahi kuona baba yake akilipokea au akilipeleka. Ameelewa, alijiambia, sasa limekwisha.

Aminieli alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mama. Limekwisha."

Akalitumbukiza isale kwenye chupa ya maji aliyokuwa anakunywa, ili lisinyauke, akaketi. Mektrida alibaki amesimama. Alisubiri amwone akigeuka kwenye rafu. Boksi lilikuwa pale pale, lingefikiwa kwa mkono bila hata kunyanyuka kitini. Aminieli hakugeuka. Aliinamisha uso, akawa anapangapanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Ingekuwa ni mimi, mama, ungetoka nao leo."

Ndipo Mektrida alipoelewa alichokifanya. Alifungua mdomo aseme, sasa mzigo je, na neno likakataa kutoka. Faini ilizaliwa na ule uongo, na uongo ulikuwa umezikwa sasa hivi, yeye mwenyewe ndiye aliyechimba shimo. Kuuliza habari ya mzigo ni kuuliza habari ya faini, na kuuliza habari ya faini ni kuurudisha uongo mezani, karibu na ile chupa. Pesa hakuwa nayo. Alichokuwa amebaki nacho ni mdomo wa kusihi, na huo ndio alioupeleka ukafungwe kwa mikono yake mwenyewe.

Akashukuru kwa Kichagga, akasema aika, mwanangu. Akajitanda kitenge, akatoka.

Kindness alipopata habari alipiga simu akihema. Alisema bado kuna njia, ameuliza watu: ipo ofisi ya juu inayopokea malalamiko, mtu anaandika kwamba aliyekosea kuandika bei ni muuzaji wa huko nje, mteja hakujua lolote, na faini inaweza kufutwa. Yeye yuko tayari kuandika yote, mama mkubwa atie sahihi tu.

"Nimekwisha kupeleka isale," Mektrida akasema.

"Sawa, lakini huko juu hawajui mambo ya isale."

"Mimi najua."

Kindness akalia kwenye simu, kilio cha hasira cha mtu ambaye kosa lilianza kwake na hapewi nafasi ya kulirekebisha. Mektrida alimsikiliza, akambembeleza, akamwambia wala hana kinyongo naye, jambo ambalo lilimliza zaidi. Filemon alikuwa ameketi karibu akichambua maharage, akasikia yote. Mektrida alimtazama akitumaini kwamba angalau yeye, mwanamume mwenye maneno mengi kwenye pombe ya mbege, angepata tobo la kupitia. Filemon aliendelea kuchambua. Mwishowe akasema kwamba yule bwana amelipokea vizuri, na mtu aliyesamehewa hushukuru, kwa hiyo kabla mwezi haujaisha apeleke ndizi.

Na mimi nawaambia, kama kuna mila ngumu duniani ni hiyo. Sista Theodora alikuwa amekwisha kupita nyumbani, akaikuta mashine imefunikwa khanga, akakaa kidogo, akanywa chai, akamshika Mektrida mkono kwa muda mrefu zaidi ya kawaida. Hakusema kwamba kazi ameipeleka kwenye ile karakana ya mjini. Alisema tu kwamba watoto wa Januari hawawezi kuvaa maneno, na kwamba atamwombea. Mektrida alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akaketi kwenye kile chumba bila kufanya lolote mpaka Filemon alipokuja kumwita ale.

Filemon alichagua mkungu wa mshare, zile ndizi za mtori, uliokomaa sawasawa, akaukata kwa heshima zote, akaufunga kwa majani makavu. Mwezi ulikuwa unakatika. Mektrida akashuka nao mjini, akaingia nao ofisini, watu wakampisha.

Aminieli alimpokea kwa furaha ya kweli, kama mtu anayepokea shangazi. Alizunguka kaunta akautua mkungu mwenyewe, akamtafutia kiti, akamtambulisha kwa yule kijana wa Tabora kuwa ni mama yake wa Rombo. Isale lilikuwa bado kwenye chupa. Lilikuwa limeanza kuota mizizi midogo myeupe, maana masale hayafi kirahisi. Wakaongea. Aminieli aliuliza kama mvua za vuli zimefika kwao, Mektrida akasema zimefika lakini chache. Akauliza kahawa, akaambiwa inajitahidi. Mektrida naye akauliza watoto, akaambiwa wanne, wa mwisho ameanza shule mwaka huu, analia baridi asubuhi.

"Avae sweta," Mektrida akasema.

Nyuma ya bega la Aminieli, rafu ilikuwa imepunguzwa mizigo. Maboksi mengi yalikuwa yameshushwa, yamepangwa sakafuni karibu na mlango wa nyuma, kila moja limebandikwa karatasi ya njano yenye namba ya mnada. Lake lilikuwa la pili kutoka juu. Kona moja ilikuwa imechanika, na kupitia pale aliona chuma, kidogo tu, kinang'aa kwa mafuta ya kiwandani ambayo bado hayajaguswa na mkono wa mtu.

Aminieli aligeuka kidogo kuona anachokiangalia, kisha akarudi upesi. Uso wake ulikuwa umepauka. Alifungua mdomo, akaufunga, maana na yeye alilipokea lile isale, na yeye hakuruhusiwa kulitaja.

Mektrida akainuka, akakunja khanga aliyobebea mkungu. Akamwambia zile ndizi zisikae sana, mshare ukizidi kukomaa unaharibu mtori. Aminieli akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru sana, akamwambia karibu tena, mama, usipotee.

"Nitakuja," Mektrida alisema, akashuka ngazi.